Kashata na Historia ya Karanga katika Nchi ya Uzaramo

Kashata ni kitu kidogo. Ni kipande cha sukari na karanga, au cha sukari na nazi, kilichokatwa pembe nne za mshazari, nacho huuzwa kwa bei ambayo hata mtoto aliyetumwa dukani aweza kuilipa kwa chenji iliyobaki. Haikuokwa katika tanuri. Sufuria moja, mwiko mmoja, jiko la mkaa au mafiga matatu, na sinia pana, vyatosha kuitengeneza. Katika vijiji vya Kisarawe, na katika miji iliyopangana kando ya njia kuu ya Morogoro, yaani Kibaha na Mlandizi, kazi hii hufanywa uani, mara nyingi na wanawake, baada ya kazi nyingine za nyumbani kwisha au kabla hazijaanza.

Kwa kuwa ni kitu kidogo, wenye kuandika habari za nchi wamekipita kama msafiri apitavyo kichuguu. Walakini karanga, ambayo ndiyo moyo wa kashata, haikupitwa hivyo. Katika nchi hii karanga ilipata kushughulikiwa na dola kubwa kwa mamilioni ya pauni, kwa matrekta na kwa reli mpya, na shauri lile likaanguka. Basi karanga ina historia mbili katika Tanzania. Moja imehifadhiwa katika nyaraka za serikali na katika vitabu vya uchumi. Ya pili imehifadhiwa katika mikono ya watu. Ni haki historia hizi mbili ziwekwe pamoja, kwa sababu kila moja yaieleza mwenzake.

Nchi inayohusika hapa ndiyo iliyojulikana zamani kwa jina la Uzaramo. Yaanza katika vilima vya Pugu, nyuma ya Dar es Salaam, ikashuka kusini na magharibi kupita Kisarawe na Maneromango, na kaskazini ikakutana na nchi ya Wakwere karibu na mto Ruvu. Udongo wake kwa sehemu kubwa ni wa mchanga. Mihogo, minazi, mikorosho na kunde husitawi humo, na karanga pia, kwa kuwa zao hili hupenda udongo mwepesi. Sababu ya mapendeleo hayo ni ya ajabu kidogo. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi, lakini likisha kupata mbegu, kikonyo chake hurefuka, huinama, na kuchimba udongo, na ganda la karanga huumbika chini gizani. Udongo ukiwa mgumu, kikonyo hakipenyi. Na kama kimepenya, mvunaji hawezi kung'oa mmea bila ya kuacha nusu ya mavuno ardhini. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkulima wa karanga huinama kweli, na ua lake huinama kabla yake.

Karanga si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ilivukishwa bahari na Wareno katika zama zile za karne ya 16, walipokuwa wakipitisha mbegu za mabara yote katika merikebu zao. Mihogo na mahindi yalikuja kwa safari za namna hiyohiyo. Ilipofika, ilimkuta ndugu yake wa sura, njugu mawe, ambayo ni ya Afrika tangu asili na ambayo nayo huzaa chini ya udongo. Hii ndiyo sababu mgeni huyu hakuhitaji mwalimu. Watu waliojua kulima njugu mawe walijua tayari jinsi ya kufukia, kupalilia na kuchimbua. Wakampa mgeni jina la mwenyeji, wakamwita njugu nyasa, jina ambalo laelekeza fikira kwenye Ziwa Nyasa, mbali na pwani.

Sukari nayo ina habari zake, na si zote tamu. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya miwa yalikuwa katika bonde la mto Pangani, na kazi yake ilifanywa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Kwa hiyo utamu uliouzwa katika masoko ya pwani ulikuwa umekwisha lipiwa kwa jasho la watu wasioulizwa. Sukari nyeupe ya viwandani ilienea baadaye, na baada ya uhuru uwezo wa nchi kuifanya ukaongezeka. Kiwanda cha Kilombero kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Iliki, ambayo wapishi wengi huitia katika kashata, ni zao la Kusini mwa Bara Hindi, ingawa siku hizi hulimwa pia katika milima ya Usambara. Basi katika kipande kimoja cha kashata mna Amerika, mna Bara Hindi, na mna Uzaramo. Na mpishi aliyeviunganisha hakuhitaji kuondoka uani kwake.

Kazi yenyewe yataka maelezo, maana ujuzi uliomo haujulikani na mlaji. Kwanza karanga huchambuliwa. Hii ni kazi ya macho na vidole: zilizosinyaa, zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu hutupwa. Kisha hukaangwa katika chungu au kikaango bila ya mafuta, pengine pamoja na mchanga safi ili moto uwe sawa pande zote. Zikisha kupoa kidogo hufikichwa kwa viganja, na maganda yake mekundu hupepetwa kwa ungo. Wengine huzitumia nzima. Wengine huzitwanga kidogo katika kinu, zikavunjika bila ya kuwa unga.

Halafu sukari hutiwa katika sufuria pamoja na maji machache, au bila ya maji, ikakorogwa juu ya moto wa kiasi. Huyeyuka, hububujika, kisha huanza kugeuka rangi, kutoka rangi ya maji hata rangi ya asali. Joto lake wakati huo hufika nyuzi 160 za sentigredi na zaidi, nalo ni joto lipitalo sana lile la maji yanayochemka. Tone lake likianguka mkononi huunguza vibaya. Hapa ndipo ujuzi hupimwa. Sukari ikiondolewa mapema, kashata hubaki laini na kunata. Ikichelewa, huwa chungu na nyeusi. Mpishi hana kipimajoto. Anayo macho, pua na mazoea, na pengine tone moja alilolidondosha katika kikombe cha maji baridi ili aone kama litaganda. Mara hiyo karanga humiminwa ndani pamoja na iliki na chumvi kidogo, mchanganyiko hukorogwa upesi, humwagwa katika sinia lililopakwa mafuta, husawazishwa kwa chupa au kwa mti wa kusukumia chapati, na hukatwa ungali moto. Akiikawia kwa dakika chache, kisu hakipiti tena, na badala ya vipande vya biashara hupata vigae.

Kashata ina mwenzi wake wa zamani, nayo ni kahawa chungu. Muuza kahawa wa pwani, mwenye birika lake la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo vinavyogongana mkononi, huuza pamoja na kahawa kashata za kuondolea uchungu. Kahawa haitiwi sukari. Sukari ipo kando, katika kashata, na mnywaji hukata utamu kwa meno kwa kiasi akitakacho. Barazani ambako kahawa hunywewa ndiko habari huletwa, kesi husuluhishwa na siasa huzungumzwa. Mara nyingi wanaume ndio wakaao pale. Utamu walao umetoka uani, katika mikono ya wanawake wasiokuwapo katika mazungumzo. Mgawanyo huo wa baraza na ua wapaswa kukumbukwa, kwa kuwa umegawanya historia pia: yaliyosemwa barazani yameandikwa zaidi kuliko yaliyofanywa uani.

Sasa na itazamwe historia ya pili, ile ya dola. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika ili kuziba upungufu huo. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa wiki chache, ukarudi na mapendekezo. Mwaka 1947, chini ya John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, kazi ilianzishwa. Eneo lililokusudiwa lilikuwa eka 3,210,000, sehemu yake kubwa ikiwa katika Tanganyika. Mahali palipochaguliwa kwanza ni Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Baadaye Urambo magharibi, na Nachingwea kusini. Bandari mpya ilijengwa Mtwara, na reli mpya ikawekwa kuelekea Nachingwea.

Yaliyofuata yanajulikana. Kichaka cha Kongwa kilivunja majembe ya matrekta. Vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta vililetwa, navyo havikufaa ipasavyo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika hukauka ukawa kama tofali, na karanga zilizokwisha kuumbika chini zikafungiwa humo kama mateka. Mvua nazo hazikunyesha kwa ratiba iliyoandikwa London. Mwezi wa Januari mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa shauri lile, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Reli ya kusini iling'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilibaki, na hapana budi kukiri kwamba ilikuwa faida, ingawa haikuwa faida iliyokusudiwa.

Sababu za kuanguka kwa shauri lile zimeandikwa mara nyingi: haraka, uchache wa uchunguzi wa udongo na mvua, na mashine zisizofaa. Lakini iko sababu moja ambayo sinia la kashata laidhihirisha kuliko kitabu cha hesabu. Katika maandishi ya shauri lile karanga ilikuwa tani tu. Iliondolewa katika udongo wake, katika chakula cha watu wake, na katika maarifa ya wale walioilima kwa vizazi vingi. Wagogo wenyewe walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono katika sehemu zilizowafaa. Na tangu reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, karanga za wakulima wadogo zilikuwa zikisafirishwa hata pwani bila ya amri ya wizara yoyote. Reli hiyo hupita Pugu na Ruvu, mipakani mwa Uzaramo. Mkulima mdogo alijua ni wapi udongo utaachia ganda, na mpishi alijua ni karanga ipi yafaa kukaangwa. Hakuna kati yao aliyeulizwa na ujumbe ule.

Isidhaniwe kwamba kazi ndogo ni njema daima na kazi kubwa ni mbaya daima. Kazi ndogo ina taabu zake. Mwenye kupika kashata hununua sukari kwa kilo moja moja, yaani kwa bei ya juu kuliko tajiri anunuaye kwa gunia. Moshi wa kuni huumiza macho na kifua chake. Faida yake ya leo hununua unga wa kesho, na mtoto akiugua, mtaji huliwa. Hata hivyo fedha hiyo ni yake. Katika nyumba nyingi za pwani ndiyo fedha pekee ambayo mwanamke huipata bila ya kuiomba, na uhuru huo una uzito kuliko thamani yake ya sokoni.

Uzito wake ulionekana katika siasa. Chama cha TANU kilipoasisiwa tarehe 7 Julai mwaka 1954, Julius Nyerere alikuwa bado mwalimu katika shule ya Pugu, jirani na Kisarawe, hata alipoacha kazi hiyo mwaka 1955. Mwaka huo Bibi Titi Mohamed alianza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam, na njia yake ilikuwa vyama vya ngoma. Wengi wa wanawake wale hawakuwa na elimu ya shule wala kazi ya mshahara. Waliishi kwa biashara za chakula walichokipika nyumbani. Ada ya uanachama ilitoka katika vitumbua na maandazi kabla ya kutoka katika mishahara ya makarani. Ukuu wa harakati zile wakumbukwa kwa hotuba. Wastahili kukumbukwa kwa masinia pia.

Baada ya uhuru elimu rasmi ya kilimo na lishe ilifika Kibaha. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za kaskazini mwa Ulaya, yaani Denmark, Norway, Sweden na Finland, zilipatana kujenga pale kituo kikubwa chenye shule ya sekondari, huduma ya afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, nacho kikaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka 1973 likaundwa shirika la SIDO kwa ajili ya viwanda vidogo, na usindikaji wa vyakula ukawa mojawapo ya mambo lililoyafundisha. Hapo kwa mara ya kwanza dola ilianza kuitazama sufuria ya uani kuwa ni kazi.

Lakini dola hiyohiyo ilipata pia kuitazama kuwa ni kosa. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilipungukiwa na fedha za kigeni, na sukari ikawa kitu cha kupanga foleni. Bila ya sukari hakuna kashata. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, iliyotaka kila mtu awe na kazi inayotambuliwa, na wachuuzi wadogo wa mjini wasiokuwa na leseni wakaanza kukamatwa na kupelekwa mashambani. Katika mwaka ule mwenye sinia kichwani aliweza kuitwa mzururaji, ingawa alikuwa ameamka kabla ya jogoo. Sheria ile haikudumu katika utekelezaji wake, maana watu walikuwa wakiishi kwa kazi zilezile ambazo sheria haikuzitambua. Biashara ilirudi barazani na vituoni kama maji yarudivyo katika mkondo wake.

Siku hizi kashata imepata mshindani mgeni, au pengine ni jamaa aliyepotea. Siagi ya karanga ilipata hati ya haki ya uvumbuzi kwa Marcellus Edson wa Kanada mwaka 1884, ikaenea Marekani. Na mwaka 1928 Harry Reese wa Pennsylvania alianza kuuza peremende za siagi ya karanga zilizofunikwa kwa chokoleti. Peremende za namna hiyo hufanywa nyumbani bila ya kuoka: siagi ya karanga huchanganywa na sukari laini, hufinyangwa kuwa vidonge, hugandishwa katika jokofu, kisha huchovywa katika chokoleti iliyoyeyushwa juu ya mvuke. Kazi hii yawezekana Kibaha kama iwezekanavyo Pennsylvania, na kakao yenyewe hulimwa Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, ingawa sehemu kubwa yake husafirishwa nje ikiwa mbegu. Tofauti iko katika hewa. Chokoleti huyeyuka kwa joto la nyuzi 34 hivi, na mchana wa Pwani hupita nyuzi 30 mara nyingi. Kidonge kilichoachwa juani kituoni hakimfiki mlaji kikiwa na umbo lake. Kashata haiogopi jua hilo. Adui yake ni unyevu, maana sukari huvuta maji ya hewa ikaanza kunata; ndiyo sababu huwekwa katika kopo au chupa yenye kifuniko. Chokoleti yataka jokofu na umeme. Kashata yataka kifuniko tu.

Iko tofauti nyingine, nayo ni ya uhai. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na uchunguzi uliofuata ukagundua sumu itokanayo na ukungu, ambayo kwa Kiswahili imeitwa sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na mwenye kuila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka karibu na saratani. Tanzania iliionja mwaka 2016, watu wapatao 20 walipofariki katika mikoa ya kati, nafaka zilizooteana ukungu zikiwa ndiyo sababu. Moto wa kukaangia huipunguza sumu hiyo lakini hauimalizi. Kinga iliyo bora ni kukausha vizuri na kuchambua, kwa kuwa sumu nyingi hukusanyika katika karanga chache zilizoharibika.

Hapa ile kazi ya kwanza ya mpishi, ambayo yaonekana kuwa ya kupoteza wakati, yapata maana mpya. Katika kashata kila karanga huonekana. Iliyo mbovu hujifichua kwa rangi na kwa uchungu. Katika siagi iliyosagwa karanga mbovu hupotea kati ya njema, na chokoleti huongeza pazia la pili. Kadiri karanga isagwavyo laini, ndivyo mlaji alazimikavyo kuuamini mkono uliochambua. Mkono huo ukichoka, au ukilipwa kwa uzito tu, bei ya utamu italipwa na mtoto.

Mpango wa Kongwa ulihesabu eka, tani na pauni, ukaiacha ardhi na ujuzi wa watu nje ya hesabu. Sinia la Kisarawe halikuhesabu kitu zaidi ya vipande vyake, nalo lingali likipita kutoka ua hata baraza, asubuhi baada ya asubuhi. Mwanafunzi atakaye kuijua historia ya karanga na asome nyaraka zile zote. Kisha aende akaketi karibu na ungo, atazame vidole vinavyochambua, na aulize kwa nini karanga hii imetupwa na hii imebaki.